Picha Bila Majina ni Shahidi Bubu

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga wetu. Kwa miaka mingi ya ualimu wangu nimeitumia methali hii bila ya kuihoji. Lakini ziara niliyoifanya hivi majuzi huko Nuu, mashariki ya mji wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, imenifanya niitilie shaka. Nimerejea nikiamini kwamba wapo wenye macho ambao ni lazima waambiwe watazame nini, na wamtazame nani.

Nilikuwa nimealikwa na walimu wa shule moja ya sekondari ya huko nizungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu lugha na historia. Badala ya hotuba nilichukua picha tatu. Ya kwanza ilipigwa katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama nchini Marekani, tarehe 3 Mei 1963: polisi Mzungu amemshika kijana Mweusi kwa nguo, na mbwa wa polisi amemrukia kijana huyo tumboni. Ya pili ilipigwa Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976: kijana amembeba mikononi mtoto aliyepigwa risasi, na ubavuni pao anakimbia msichana aliyeinua mkono kwa uchungu. Ya tatu ni ya hapa kwetu. Ni mojawapo ya picha nyingi zilizopigwa jijini Nairobi mwezi wa Aprili 1954, wakati serikali ya kikoloni ilipouzingira mji na kuwakamata zaidi ya watu 20,000. Wanaume wamechuchumaa ardhini safu kwa safu, na juu yao wamesimama wenye bunduki.

Wanafunzi waliitambua picha ya Soweto mara moja. Ya Birmingham hawakuijua, lakini waliponisikia nikimtaja Martin Luther King walikuwa na mengi ya kusema. Ilipofika zamu ya picha ya Nairobi, darasa lilinyamaza. Hatimaye binti mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, hawa ni akina nani?"

Sikuwa na jibu. Maandishi yaliyokuwa chini ya picha hiyo yalisema "washukiwa wa Mau Mau", basi. Wenyeji wakacheka kidogo, kwani katika Kikamba neno nuu lina maana ya "nani?". Sidai kwamba jina la mahali pale lilitokana na neno hilo; etimolojia ya majina ya mahali ina mitego yake, na mwanaisimu akikimbilia mfanano wa sauti huanguka. Hata hivyo, swali lile limenifuata hadi nyumbani. Ni swali ambalo sisi Wakenya tumechelewa mno kuliuliza.

Hebu tuzitazame upya picha mbili za kwanza. Kwa nini mtoto wa Nuu, aliyezaliwa zaidi ya miaka 30 baada ya maandamano ya Soweto, anamjua Hector Pieterson? Jibu ni kwamba picha ile, iliyopigwa na Sam Nzima, ilisafiri ulimwenguni pamoja na jina. Tunamjua mtoto aliyekufa. Tunamjua kijana aliyembeba, Mbuyisa Makhubo, ambaye baadaye alilazimika kuikimbia nchi yake. Tunamjua dada wa marehemu, Antoinette, aliyekimbia kando yao. Mwaka wa 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitenga tarehe 16 Juni kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na tangu hapo siku hiyo huadhimishwa katika shule zetu kwa nyimbo na mashairi. Yote hayo yamejengwa juu ya picha moja yenye majina.

Nina sababu ya kusisitiza jambo hili. Siku ile ile ya Juni 1976 mvulana mwingine, Hastings Ndlovu, alipigwa risasi pia, na wapo wanaoshikilia kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Lakini hapakuwa na mpigapicha karibu naye. Wanafunzi wangapi wa Kenya wamewahi kulisikia jina lake? Kumbe basi picha bila jina ni bubu, na jina bila picha nalo husikika kwa mbali sana. Nguvu iko katika muungano wa viwili hivyo.

Mama mmoja wa Chicago aliifahamu siri hiyo mapema. Mwanawe, Emmett Till, mwenye umri wa miaka 14, aliuawa na Wazungu huko Mississippi mwezi wa Agosti 1955. Mama huyo, Mamie Till, aliamuru jeneza liachwe wazi, na akakubali picha ya uso wa mwanawe ulioharibiwa vibaya ichapishwe katika magazeti ya Waamerika Weusi. Hakusema kwamba "mtu mmoja Mweusi amekufa". Alisema: huyu ni Emmett, mwanangu, mtazameni. Wengi walioingia katika harakati za kudai haki za raia katika miaka iliyofuata wamesimulia jinsi picha hiyo ilivyowatikisa wangali vijana.

Nayo picha ya Birmingham ina funzo la aina yake. Kijana aliyeshambuliwa na mbwa anajulikana kwa jina: Walter Gadsden. Kwa sababu anajulikana, imewezekana watu kumtafuta, kumuuliza na hata kubishana kuhusu kile alichokuwa akikifanya barabarani siku ile. Imebainika kwamba hakuwa mmoja wa waandamanaji. Alikuwa amekwenda kutazama tu. Je, jambo hilo linaiondolea picha thamani? La hasha. Linatuonyesha kwamba mbwa wa ubaguzi wa rangi hamwulizi mtu kama ameandamana au amekuja kutazama. Rangi yake inatosha kuwa kosa. Ukweli huo tusingeupata kama chini ya picha pangeandikwa "mshukiwa" na mambo yakaishia hapo.

Sasa turudi Nairobi ya 1954. Nikiwa mwanaisimu sina budi kulichunguza neno hilo "washukiwa". Limetokana na kitenzi shuku katika kauli ya kutendwa. Ndani yake amejificha mtu wa pili ambaye hatajwi, yaani yule anayeshuku. Tukiuliza ni nani aliyeshuku, na alishuku nini, jibu ni wazi: serikali ya kikoloni iliwashuku watu kwa sababu ya kabila lao. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walitengwa na wengine, wakapakiwa katika malori na kupelekwa kuchujwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Wengi hawakuwahi kushtakiwa mahakamani. Neno moja, lililowekwa chini ya picha na watawala, limewafunga watu wale kifungo cha pili ambacho hakijamalizika hadi leo. Kila picha ile inapochapishwa upya, katika kitabu cha shule au katika gazeti, wanaendelea kuchuchumaa na kuendelea kushukiwa.

Picha haina kitenzi. Hutuonyesha watu na vitu, lakini haituambii nani alimfanyia nani nini. Kitenzi huletwa na anayeandika maelezo, naye anaweza kukipindisha atakavyo. Kiswahili chetu kimejaliwa minyambuliko mingi ya vitenzi, na tofauti baina ya "walikufa", "waliuawa" na "waliuawa na askari wa gereza" si ya sarufi peke yake. Ni tofauti ya haki na dhuluma.

Mfano bora kuliko yote ni Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa na walinzi hadi wakafa, kwa kuwa walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Hapakuwa na mpigapicha wa kuunasa unyama ule. Taarifa ya kwanza ya serikali ikasema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Tazama ujanja wa lugha! Kitenzi "kufa" hakihitaji mtenda. Aidha, neno "baada" linaweka matukio mawili sambamba na kumwachia msomaji ayaunganishe mwenyewe. Ilibidi miili ichunguzwe na uchunguzi wa kisheria ufanywe ndipo ukweli ukajulikana, na aibu ile ikatikisa Bunge la Uingereza mwezi wa Julai mwaka huo huo. Pasipo na picha wala majina, mwenye mamlaka hujitungia sentensi aitakayo.

Isidhaniwe kwamba sisi hatukuwa na watu wetu wa kuzipiga picha hizo. Yupo Mkenya aliyeyashuhudia mapambano ya pande zote mbili za bahari, naye ni Priya Ramrakha. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1935 katika ukoo wa wanahabari. Mjomba wake, Girdhari Lal Vidyarthi, ndiye aliyekuwa na gazeti la Colonial Times, lililoupinga ubaguzi wa rangi nchini humu kwa ukali hata likampeleka gerezani mwenyewe kwa kosa la uchochezi. Vidyarthi alichapisha pia magazeti ya Kiswahili, likiwemo moja ambalo jina lake lanifurahisha kila nikilikumbuka: Jicho. Priya alianza kupiga picha katika mazingira hayo, Nairobi ikiwa katika Hali ya Hatari. Kisha akaenda kusoma Los Angeles, na akiwa Marekani akawapiga picha viongozi wa harakati za Weusi, akina Martin Luther King na Malcolm X. Alirudi nyumbani uhuru ulipokuwa ukipatikana, akafanya kazi na majarida makubwa ya Marekani, Time na Life. Aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika vita vya Biafra, mwezi wa Oktoba 1968, akiwa na umri wa miaka 33.

Je, picha za Mkenya huyu zilikuwa wapi baada ya hapo? Zilikaa kimya kwa takriban miaka 40 katika gereji moja jijini Nairobi, mpaka jamaa yake, Shravan Vidyarthi, alipozifukua. Mwaka wa 2018 zikatolewa katika kitabu. Hazina yetu ilikuwa imefunikwa vumbi jijini mwetu, nasi tukiwafundisha watoto wetu kwa picha zilizopigwa na wageni na kuelezwa na wageni!

Siku ya pili ya ziara yangu, mwalimu mwenyeji alinipeleka kwa mzee mmoja aliyepita umri wa miaka 90, ambaye ujanani alikuwa askari wa King's African Rifles. Alitukaribisha chini ya mwembe, tukamwamkia kwa heshima inayomstahili, nami nikampa ile picha ya tatu. Niliitarajia huruma yake iwaelekee wale waliochuchumaa. Sivyo ilivyokuwa. Kidole chake kilitua juu ya askari Mwafrika aliyesimama pembeni.

"Hii kofia mimi najua," alisema, kwa kile Kiswahili cha kambini ambacho sisi wanaisimu huwa na haraka ya kukicheka. "Mimi nilivaa hii."

Nikamwuliza kama alimtambua mtu yeyote miongoni mwa wale waliochuchumaa. Alitikisa kichwa. "Hawa ya chini hapana jua. Sisi hapana ambiwa jina. Sisi ambiwa hesabu tu."

Kisha akaniuliza yeye, kwa Kikamba, kama ninajua jina la askari yule. Sikulijua. Mzee akacheka, akasema huenda ni yeye mwenyewe, huenda siye. Wote walifanana wakivaa sare.

Nimelitafakari jibu lile kwa siku nyingi. Ukambani, wakati wa Hali ya Hatari, ulikuwa chimbuko kuu la askari wa jeshi na wa polisi wa Mwingereza. Tukisema tu kwamba Wakamba walikuwa vibaraka, tutakuwa tumeandika maelezo ya uongo chini ya picha nyingine. Maana ni Wakamba hao hao waliokuwa wamemshinda mkoloni miaka michache nyuma, tena bila ya kurusha jiwe. Mwaka wa 1938, serikali ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe wao kwa nguvu katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, kwa kisingizio kwamba mifugo ilikuwa ikiharibu udongo, waliunda chama chini ya Samuel Muindi Mbingu. Wanaume, wanawake na watoto wapatao 2,000 au zaidi walikwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakidai kumwona Gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini uporaji wa mifugo ulisitishwa. Hayo yalikuwa madai ya haki za raia hasa, miaka 17 kabla ya Rosa Parks kukataa kukipisha kiti chake katika basi la Montgomery.

Ilikuwaje basi jamii iliyokesha Kariokor mwaka wa 1938 itoe walinzi wa mwaka wa 1954? Ukame, kodi na ukosefu wa kazi ya mshahara viliwasukuma vijana jeshini. Serikali nayo, baada ya kuionja nguvu ya umoja wao, iliona ni heri kuwabembeleza kuliko kuwakabili. Ubaguzi wa rangi haukuridhika kumpiga Mwafrika. Ulimtaka Mwafrika mwenziwe ashike rungu. Aliyechuchumaa aliondolewa jina, na aliyesimama naye akaondolewa jina. Katika picha ile hapana Mwafrika hata mmoja mwenye jina.

Watu wa Ukambani walikuwemo pia miongoni mwa walioteswa, na hili tusilisahau. Mwaka wa 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso waliyoyapata kizuizini. Wawili kati yao walikuwa Ndiku Mutua na Paulo Nzili, majina ambayo Mkamba yeyote atayatambua. Mwaka wa 2011 ilifichuliwa kwamba Uingereza ilikuwa imeyaficha mafaili mengi ya siku za ukoloni huko Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilikiri Bungeni kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza masikitiko yake, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Picha za wazee wale wakiwa nje ya mahakama, wamevaa makoti kwa baridi ya ugenini na kuegemea mikongojo, zilichapishwa kote duniani. Tofauti yake na picha ya 1954 ni ipi? Wamesimama, na majina yao yameandikwa.

Najua yapo maswali ambayo msomaji atanirushia. Atasema kwamba kutafuta majina ni kuchokoza vidonda. Kwamba wajukuu wa askari na wajukuu wa wafungwa wanasoma darasa moja leo, na si busara kuwatia chuki. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwalimu anayeifanya kazi hii sharti awe na subira na aombe ruhusa, na pale familia inapokataa, aikubali kauli yake. Lakini mzee wa Nuu hakuona haya kusema kwamba huenda askari yule ni yeye. Nilichokiona usoni mwake ni mtu aliyesubiri miaka 70 aulizwe. Kunyamaza hakuponyi kidonda, hukifunika tu.

Nini basi la kufanya? Kwanza, walimu wa historia na wa Kiswahili washirikiane. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyopo Nairobi ina picha za kutosha. Nakala zichukuliwe, zipelekwe vijijini, na wanafunzi wawaketie wazee wao na kuuliza swali moja tu: huyu ni nani? Majibu yaandikwe kwa lugha ya mzee mwenyewe, iwe Kikamba, Kiembu au Kiswahili cha kambini, kisha yafasiriwe. Pili, wanafunzi wafundishwe kuyasoma maelezo ya picha kama wanavyosoma shairi: kitenzi ni kipi, mtenda yuko wapi, nani ameachwa nje. Zoezi hilo litawafaa hata leo, wakati kila kijana ana simu yenye kamera, na picha za maandamano ya mwaka wa 2024 katika miji yetu zimesambaa kwa maelfu. Hizo nazo zitakuwa bubu baada ya miaka 50 iwapo hatutaandika sasa ni za wapi, ni za siku gani, na ni za nani. Tatu, wenye picha katika makasha na gereji wazitoe kabla mchwa hawajazisoma.

Muda hautungoji. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1954 leo ana zaidi ya 90, na kila mazishi yanayopita yanaondoka na majina ambayo hakuna hifadhi itakayoyarudisha.

Nilipoagana na mzee wangu wa Nuu, aliomba abaki na ile picha. Nilimwachia. Juzi mwalimu mwenyeji alinipigia simu kunieleza kwamba wazee wengine wawili wamekwisha kuja kuitazama, na kwamba yule binti aliyeuliza swali darasani huenda huko kila Jumamosi na daftari lake. Kufikia sasa ameandika jina moja. Si la askari. Ni la mtu aliyechuchumaa katika safu ya pili, ambaye mmoja wa wageni wale anaamini aliwahi kufanya kazi naye Nairobi kabla ya Hali ya Hatari. Pengine amekosea, na itabidi tulihakikishe. Lakini ni mara ya kwanza, tangu Aprili 1954, kwa mtu kuitazama picha ile na kuita jina.